Nusu Gunia la Magadi

Susu Kavinya, susu yaani bibi kwa Kikamba, alikuwa na sharti moja kuhusu maji, na alilishika tangu usichana wake. Hangeingia katika maji yoyote ambayo akitazama chini haoni vidole vya miguu yake.

Sababu anayo. Alikuwa hajaolewa bado siku alipovuka mto Tiva na wenzake, mizigo ya kuni kichwani, maji yamefika kiunoni na ni mekundu hata ukizamisha mkono unapotea. Akakanyaga shimo. Wenzake walimtoa kwa kumvuta nywele, naye akatoka na uhai wake, bila kuni na bila kiatu kimoja. Hicho kiatu ndicho anachokitaja kwa uchungu hadi leo, maana kilikuwa kipya na kilikuwa cha dada yake.

Sasa, mtu akitaka anaweza kuishi Kitui mpaka uzee bila kuingia mtoni. Kilichomsumbua Susu ni kanisa. Kanisa lao hubatiza kwa maji mengi, mtu anazamishwa mzima mzima, na kule nyumbani ubatizo hufanyika kwenye silanga, lile bwawa la udongo ambalo ng'ombe hunywa upande mmoja na watoto huoga upande wa pili. Wachungaji walikuja na kuondoka, kila mmoja akamsihi, naye akawajibu wote kwa upole kwamba siku Mungu atakapoyasafisha maji yale, yeye atakuwa wa kwanza kuvua viatu. Na kwa kuwa hakubatizwa, hakula meza ya Bwana. Sinia la vikombe vidogo lilipopita kwenye viti, Susu alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama kidogo, akampa aliyekaa kando yake.

Mara nyingi aliyekaa kando yake alikuwa mjukuu wake, Mutheu, aliyemlea tangu akinyonya. Mutheu alikuwa ameiona mikono ile ikipitisha sinia tangu akiwa hajui maana yake. Alipokua akaijua, na hakupenda kuiona mikono ile tena.

Mutheu sasa alikuwa Nairobi, na kazi yake ilikuwa kwenye bwawa la kuogelea la Kariobangi, lile dogo la kufundishia watoto, nyuma ya ukuta wa mabati ya buluu. Alifagia, alisugua vigae, aliokota majani kwa wavu. Ilikuwa kazi inayomfaa, maana maji hayamwulizi mtu maswali. Mutheu alikuwa mtu wa haya. Akiona vijana wa bodaboda wamekaa pamoja kwenye kona, alizunguka kwa njia ya nyuma, akapita matakataka na mbuzi, ili tu asilazimike kujibu salamu. Kwa simu na Susu wake, lakini, aliongea kama redio.

Ni kwa simu ndipo mambo yalipoanza. Alikuwa akimsimulia kazi yake, akasema maji ya hapo ni maangavu hata ukiangusha sindano unaiona imelala chini.

"Na vidole?" Susu akauliza.

"Na vidole, Susu. Na kucha zake."

Wiki iliyofuata Susu alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, kusema kwamba amekubali. Atabatizwa Nairobi. Mchungaji Muthama, ambaye kanisa lake liko ng'ambo ya kichochoro kutoka kwenye bwawa, alifurahi akatenga Jumapili. Hata jamaa wa Kitui walitafuta kitambaa cheupe cha kumshonea gauni.

Na hapo ndipo maji yalipoanza kuwa na ukungu.

Hayakuwa machafu. Yalikuwa kama glasi iliyopuliziwa pumzi. Mutheu alisimama kwenye ngazi ya mwisho ya bwawa, maji yakiwa kifuani, akatazama chini, akaona kitu kama miguu. Kama angekuwa hajui kwamba ni miguu yake, hangeapa.

Anayeyaangalia maji ya hapo ni Mzee Wandera, mtu wa Busia, mrefu, mwenye kofia ya sufu jua liwake lisiwake. Kila asubuhi alichota maji kwenye kichupa, akatia dawa yakawa mekundu, kisha akadondosha tone baada ya tone mpaka yakageuka buluu. Matone yakiwa machache, maji ni laini. Yakiwa mengi, maji ni magumu, yaani yana chokaa nyingi iliyoyeyuka ndani, isiyoonekana. Asubuhi hizo alidondosha mpaka mkono ukachoka.

Alipenda kueleza, na Mutheu alipenda kusikiliza, kwa hiyo walipatana. Mzee alisema maji ya kisima chao kirefu yanatoka ardhini na chokaa yake. Jua likikausha maji, chokaa haiendi popote, inabaki. Wakiongeza mengine, wanaongeza na chokaa nyingine, na hata ile klorini ya unga wanayotia inakuja na yake. Ni kama sufuria ya chai, alisema, ile inayoota ukoko mweupe hata ukiiosha. Ndiyo maana vigae vilikuwa na mstari mweupe unaokwaruza, pale maji yanapoishia, ambao Mutheu aliusugua kila siku na kila siku ukarudi.

"Maji ni kama mgeni mezani," Mzee alimwambia. "Akija na njaa, yaani hana chokaa kabisa, atakula hata saruji iliyoshika vigae. Akishiba kupita kiasi anatapika, ndiyo huo ukoko. Sisi kazi yetu ni kumlisha kiasi."

Dawa ya maji yaliyoshiba, alisema, ni kumwaga sehemu na kujaza maji laini ya mfereji. Lakini zamu ya mfereji kwa mtaa wao ilikuwa wiki ijayo. Hakukuwa na haraka, ukungu huo haumdhuru mtu, watoto wataogelea, na Jumapili watu wa kanisa watabatizana salama.

Hapo ndipo Mutheu alipaswa kufungua mdomo. Alipaswa kusema, Mzee, mmoja wa hao wa Jumapili ni Susu wangu, na hataingia asipoona vidole. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mzee akamtazama akisubiri, maana alijua kuna kitu. Mutheu akachukua ufagio akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Alhamisi, Mzee Wandera aliomba ruhusa kwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa, binti wa mwanawe Nangila. Bwawa halikuwa na watoto siku hiyo. Mutheu alibaki peke yake na maji na mawazo yake.

Akafikiri kuhusu nyumbani. Maji ya kisima cha kwao nayo ni ya chumvi na chokaa. Sabuni haitoi povu, inakatika vipande kama maziwa yaliyoganda. Na Susu hufanyaje? Susu hutia magadi kwenye karai, hukoroga, husubiri. Maji hufanya mawingu, mawingu hukaa chini, na yale ya juu ukitia sabuni povu linapanda mpaka kwenye viwiko. Magadi yale yale Susu hutia kwenye sufuria ya maharagwe, maana kwa maji yale bila magadi maharagwe yanachemka kutwa na bado yanapiga kelele kwenye sahani. Karai ni maji na bwawa ni maji. Tofauti ni ukubwa.

Akaenda soko la Kariobangi. Mama anayemuuzia magadi alizoea kuuza ya kijiko, akamtazama alipoonyesha gunia. Akamuuliza kama ana hoteli. Mutheu akatikisa kichwa. Akamuuliza kama ana harusi. Mutheu akasema, kwa sauti ndogo, ni ubatizo, na yule mama akampimia nusu gunia bila kuuliza tena, lakini akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea.

Aliyayeyusha ndoo kwa ndoo, akayamwaga akizunguka ukingo, akayakoroga kwa mti wa wavu. Akasimama kutazama.

Mwanzo mawingu yalikuja kama alivyotarajia. Kisha yakaendelea kuja. Yaliviringika kutoka kila pembe, yakakutana katikati, na kabla jua halijatua bwawa zima lilikuwa jeupe. Si ukungu tena. Hata ngazi ya kwanza haikuonekana. Aliingiza mkono, ukapotea kwenye kifundo kama mto Tiva umekuja kumtembelea, ila huu ulikuwa mweupe.

Winny, anayekata tiketi pale mlangoni, alikuja kumuaga. Alisimama ukingoni, mkoba begani, akayatazama maji.

"Mutheu," akasema, "hii ni swiming ama ni uji?"

Mutheu akakaa chini kwenye vigae.

"Manze, usilie. Tutauza. Tutaleta vikombe." Winny akakaa kando yake, akamshika bega, na kidogo kidogo akamtoa maneno yote, ya vidole na ya sinia na ya magadi. Alipoyasikia hakucheka tena. Alisema kitu kimoja tu, kwamba kesho asubuhi Mutheu amwambie Mzee mwenyewe kwa mdomo wake, la sivyo yeye Winny atamwambia, na yeye akisimulia kitu kinakuwa kikubwa mara tatu.

Mzee Wandera alifika Ijumaa na habari za mtoto. Alikuwa amefika katikati ya habari za pua ya mtoto alipoona bwawa. Akachuchumaa, akachovya kidole, akasugua na kidole gumba, akanusa. Mutheu alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio ameukumbatia.

"Ni magadi," Mutheu akasema.

Mzee akageuka. "Magadi gani?"

"Ya maharagwe. Nusu gunia." Na kwa kuwa mlango umeshafunguka, mengine yakatoka yenyewe, Susu na kiatu na silanga na sharti lake, yote kwa pumzi moja.

Mzee Wandera alivua kofia yake, kitu ambacho Mutheu hakuwahi kukiona, akajipangusa kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipopata pumzi alimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba kosa lake si magadi. Kosa ni kumwacha yeye aende kuangalia pua za watoto bila kumwambia kwamba kuna mtu anayehitaji kuona vidole. La pili, kwamba akiyaona maziwa yale asiyaogope. Weupe ule ndio chokaa yenyewe, ile iliyokuwa imejificha. Magadi yameitoa mafichoni. Mtu mwenye maarifa angetia kidogo kidogo akipima, si kumwaga kama anayepika harusi, lakini kazi imefanyika. Sasa haitaki kitu ila utulivu. Wakiwasha pampu, chujio litaziba. Wakikoroga, itazunguka mpaka Krismasi. Wakiiacha, italala chini yenyewe.

"Italala lini, Mzee?"

"Ikichoka."

Akazima pampu. Akaenda kumwomba mwalimu wa kuogelea aahirishe madarasa, akamwambia tu kwamba maji yanatibiwa, na hakumtaja mtu.

Susu alifika jioni hiyo, ameletwa na mjomba, na gauni jeupe limekunjwa ndani ya leso. Katika chumba cha Mutheu kule Dandora alikagua kila kitu, kitanda, jiko, chungu cha maji, akaridhika. Jumamosi asubuhi alikuwa amevaa mapema. Alitaka kupelekwa kuyaona maji kabla ya siku, maana mtu huenda kumwona bwana harusi kabla ya harusi.

Mutheu akamwambia leo haiwezekani. Susu akauliza kwa nini. Mutheu akatafuta uongo, hakuupata, akasema ukweli jinsi ulivyo.

"Maji yamelala, Susu. Hayafai kuamshwa."

Susu alimtazama kwa jicho lile linalojua kuhesabu mbuzi gizani. Lakini akaketi, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kuchambua mchele.

Bwawani, Mzee alikuwa akimsubiri na kidole mdomoni, kama kuna mtoto mchanga ndani. Mutheu akanyata mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yamekaribia kuwa meupe kwa maana nyingine, meupe ya kuona. Chini, kwenye sakafu yote, palikuwa na tandiko laini kama unga uliochekechwa, halina alama hata moja.

Kulitoa ilikuwa kazi ya subira. Kuna mpira mrefu wenye kichwa cha brashi kinachofyonza, na Mzee aliufunga umwage maji nje mtaroni badala ya kuyapitisha kwenye chujio. Alimpa Mutheu mti wa kuongozea, maana yeye, alisema, ana mikono ya kubeba mawe. Mutheu aliusukuma polepole kama anayepita karibu na mbwa aliyelala. Kila alipopita, vigae vya buluu vilijitokeza. Akiharakisha kidogo tu, wingu liliinuka, nao wote wawili wakasimama kimya mpaka litue. Saa sita sakafu yote ilikuwa buluu, na mtaro wa nje ulikuwa mweupe kiasi kwamba kuku wa jirani walikuja kuangalia.

Lakini maji yalikuwa yamepungua. Yalikuwa yameshuka chini ya ule mstari wa ukoko, na hata ngazi ya juu ilikuwa kavu. Mchungaji alihitaji maji ya kifua ili mtu azame bila kuvunjwa mgongo. Mzee alikuna kichwa. Akifungulia kisima, ataleta chokaa nyingine, nayo itakutana na magadi yaliyobaki, na watarudi kwenye uji. Wanahitaji maji laini, na mfereji ni wiki ijayo. Akatazama mawingu. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini leo anga lilikuwa safi kama limeoshwa.

Mutheu naye akatazama juu, kisha macho yake yakashuka kidogo, juu ya ukuta wa mabati, mpaka kwenye paa la kanisa, na kando ya paa, juu ya nguzo zake ndefu, tangi jeusi la maji ya mvua.

"Mzee," akasema, "maji ya mvua ni laini?"

"Laini kuliko yote. Peke yake yana njaa, lakini yakichanganyika na haya yetu yaliyoshiba, watakula pamoja." Kisha akaona anakotazama. "Nenda ukaombe. Mimi si wa kanisa hilo. Wewe ndiwe."

Kwaya ilikuwa mazoezini. Mutheu alisimama mlangoni mwa kanisa kama kawaida yake, akisubiri mtu atoke ili amtume. Hakuna aliyetoka. Wimbo ulikwisha, mwingine ukaanza. Akaiona akilini mikono ya Susu ikipokea sinia. Akaingia, akapita katikati ya viti, mbele ya macho yote, wimbo ukafifia sauti moja baada ya nyingine mpaka ukabaki na mtu mmoja wa besi ambaye hakuwa amegeuka.

"Mchungaji, naomba maji ya tangi."

Mchungaji Muthama akasema hakuna shida, achote. Akauliza anataka kiasi gani.

"Yote," Mutheu akasema.

Kanisa likaangua kicheko. Mshika ufunguo wa tangi ni mama mmoja wa kwaya, Teresiah, ambaye huhesabu hata vikombe vya maji ya kuoshea sahani. Kila mtu alimgeukia yeye. Teresiah akajishika kiuno, akamtazama Mutheu kutoka kichwa mpaka viatu vyenye madoa ya klorini.

"Mutheu ameongea," akasema. "Mbele ya watu. Mpeni maji, na mumpe haraka, kabla hajanyamaza miaka mingine."

Mpira wa kanisa ulifika katikati ya kichochoro ukaishia hapo. Vijana wa bodaboda walikuwa kwenye kona yao, na safari hii hapakuwa na njia ya nyuma. Mutheu akawaendea, akawasalimu, akaeleza. Mmoja wao akasema kumbe huyu dada ana sauti, walidhani ni bubu na walikuwa wakimwombea. Wakacheka, naye akacheka. Owiti, fundi wa madirisha ya chuma, alikata kipande cha bomba, akaingiza ncha mbili za mpira, akakaza kwa waya. Kiungo kilivuja kidogo, wakakifunga kwa mpira wa tairi kuukuu. Wakatandika mbao mbili juu yake ili pikipiki zipite, na kila iliyopita ilipiga honi kuusalimu.

Kwaya haikurudi ndani. Waliimba pale pale kichochoroni, kwa kuwa walikuwa na mazoezi ya kumaliza, na maji yakashuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake mwenyewe, yakapita chini ya mbao, chini ya mabati ya buluu, yakaanguka bwawani kwa sauti ya mtu anayemimina chai.

Jioni Mzee alipima. Akadondosha, akadondosha, Mutheu akiwa amejiinamia kwenye kichupa, na wekundu ukageuka buluu upesi, mahali panapofaa, si kwa njaa wala kwa kushiba. Magadi yaliyobaki yalikuwa bado yanayafanya maji yawashe ngozi, kwa hiyo Mzee alitia asidi yake kidogo kidogo akizunguka, akipima na kuzunguka tena, na ule ukungu mdogo wa mwisho ukatoweka mbele ya macho yao, kama mtu aliyefuta dirisha. Akawasha pampu iyazungushe mpaka asubuhi. Akatupa sarafu ndani. Wakaiona ikianguka, ikipepesuka, ikilala. Wakaisoma.

Jumapili kichochoro kilijaa. Waliobatizwa walikuwa wachache, na Susu Kavinya aliomba awe wa mwisho, ili aone kama wengine wanatoka. Walitoka wote. Winny alikuwa mlangoni na hakumtoza mtu tiketi.

Zamu yake ilipofika, Susu alitembea mpaka ngazi ya juu, amevaa gauni jeupe, ameshikwa mkono na Mutheu. Mchungaji Muthama alikuwa tayari majini, akanyoosha mkono. Susu hakuupokea. Aliingiza mguu mmoja mpaka kifundo, akasimama. Akainama, akatazama.

Akachezesha kidole gumba. Kule chini, kwenye kigae cha buluu, kidole gumba kikacheza.

"Kile pale," Susu akasema, "kile nilichokipiga kwa jembe." Akaingiza mguu wa pili. "Na kile kisicho na ukucha. Nilikisahau." Akashuka ngazi ya pili, ya tatu, akivihesabu vidole vyake kama anapokea watoto waliotoka safari, na alipofika kifuani alikuwa bado ameinama akivitazama, mpaka Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba sasa anaweza kutazama juu.

Akamzamisha. Maji yakajifunga juu yake na bado kila mtu alimwona, uso wake, gauni likipepea, midomo imekazwa. Akatoka akipiga chafya, akicheka, na kwaya ikaanza wimbo kabla ya ishara.

Mutheu alimpokea kwa leso kavu. Susu alijilamba midomo. Akajilamba tena.

"Haya maji nayajua," akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. "Umetia nini?"

Mutheu akamnong'oneza.

"Kiasi gani?"

Akamnong'oneza tena. Susu akamtazama, leso imemfunika kichwa kama hema, maji yakimchuruzika kwenye kidevu.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni bibi mzee. Ningeiva hata kwa kijiko." Na akacheka mpaka Mzee Wandera, aliyesimama kando ya pampu kofia mkononi, akacheka pia, ingawa Kikamba hakijui.

Walivuka kichochoro wakaingia kanisani. Susu alikaa kwenye kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, miguu peku, maana alikataa viatu. Mutheu alikaa kando yake. Sinia la vikombe vidogo lilianzia upande wa pili, likapita kwa Teresiah, likapita kwa mtu wa besi, likafika.

Susu alilipokea kwa mikono miwili. Akalitazama kidogo. Kisha mikono, ambayo haikuwa imeambiwa kitu kingine maisha yake yote, ikageuka na kulisogeza kwa Mutheu.

Mutheu hakulipokea. Aliiacha mikono yake ipumzike mapajani.

Susu akabaki na sinia hewani. Akamtazama mjukuu wake, akatazama vikombe, akatazama miguu yake chini ya kiti, ambayo ilikuwa bado na mikunjo ya maji. Akasema "Aa" polepole, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo. Akaliweka sinia magotini, akachagua kikombe, si kile cha karibu, akachagua kilichojaa vizuri, akakinywa chote.

Ndipo akampa Mutheu sinia.